Mbwa ameandikwa Rambo lakini anaitika Kachori: tuandike jina lipi kwenye hati?

Swali: Shikamoo daktari. Tuko Tanga na tuna mbwa dume wa miaka mitatu, wa kahawia. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mume wangu alimwandikisha kwa jina la Rambo, lakini tangu alipokuja nyumbani watoto wanamwita Kachori, na hilo ndilo analoitika. Ukimwita Rambo hata sikio hasogezi. Mwakani tunahamia Ujerumani kwa kazi ya mume wangu na tumeamua kwenda naye. Mume anasema kwenye hati za safari libaki Rambo, kwa kuwa jina la kudekeza halifai kwenye karatasi rasmi, na mama mkwe anamuunga mkono. Mimi naona kama tunamwandikia mbwa asiye wetu. Halafu tumepata mtoto wa paka, na watoto wameshamwita Kashata. Naye tumwandike hivyo hivyo? Je, majina haya hayatatuletea tabu mbele ya safari?

Jibu: Marahaba mama, na hongera kwa kumpangia mbwa safari badala ya kumwachia mtaa, maana hayo ndiyo huwapata wengi familia zinapohama. Jibu langu ni hili: mwandikeni Kachori. Watoto watafurahi, lakini sababu yenyewe ni kwamba Kachori ndilo jina lake, na Rambo ni jina la kadi tu.

Simlaumu mumeo wala mama mkwe. Wanalipima jina la mbwa kwa kipimo cha jina la mtu. Kwetu mtu huishi na majina mawili bila shida yoyote: Abdallah ni Dulla kijiweni, Khadija ni Dija kwa mama yake, Selemani ni Sele uwanjani. Ikija habari ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA au hati ya kiwanja, hakuna anayeandika Dulla, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu jina rasmi la mtu limebeba ukoo, mirathi, madeni na vyeti vya shule. Mbwa harithi shamba wala hasaini mkopo. Jina lake lina kazi moja: kumfikia masikioni ili ageuke, arudi, atulie. Karatasi yenye jina asilolijua haimsaidii yeye, na siku ya shida haitakusaidia wewe.

Nimeshiriki kampeni nyingi za chanjo ya kichaa cha mbwa, na kuna jambo linalojirudia kila ninapokwenda. Meza huwekwa chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, pembeni kuna boksi la barafu lenye chanjo, juu ya meza rundo la kadi. Anafika mtoto na mbwa aliyefungwa kipande cha kanga shingoni. Anaulizwa, "Anaitwa nani?" Mtoto anatazama chini, anajibu kwa sauti ndogo, "Mtamu." Mbwa akisikia hivyo anatikisa mkia. Nyuma yao mtu mzima anapaza sauti, "Andika Simba!" Na mwandishi anaandika Simba. Mtoto hasemi kitu. Anaondoka na kadi ya mbwa mwingine.

Jioni ukilifungua daftari unaona: Simba, dume, kahawia. Simba, dume, kahawia. Popi, jike, mweupe. Simba tena. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana rangi hiyo hiyo na umbo hilo hilo, na majina tunayoyaona kuwa ya heshima ni yale yale machache: Simba, Chui, Tiger, Rambo, Jack, Bosco. Majina ya kudekeza hayafanani hivyo. Kila nyumba ina lake, limezaliwa kutokana na kisa chake, na mtaa mzima unaweza kukosa Kachori wa pili. Kwa hiyo hilo jina mnaloliona la mchezo ndilo linalomtambulisha mbwa wenu vizuri zaidi, na hilo mnaloliona rasmi ndilo linalomchanganya na wenzake.

Nieleze kwa nini hilo lina uzito. Chukulia Kachori amemng'ata mtoto wa jirani. La kwanza ni kuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Hospitalini wataulizwa: mbwa anajulikana? Amechanjwa? Mbwa anayefahamika na mwenye afya huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Afisa mifugo anafika kwenu, unampa kadi, inasomeka Rambo. Uani watoto wanaita Kachori. Jirani, naye ana uchungu wa mwanawe, anasema hajapata kusikia mbwa anayeitwa Rambo nyumba hii. Hapo utaanza kujieleza kwa maneno jambo ambalo kadi ilitakiwa kulimaliza kwa kuitazama tu.

Kliniki nako jina la kweli lina kazi. Mnyama anapozinduka baada ya upasuaji, yuko nusu usingizini, haoni vizuri, yuko mahali pageni penye harufu ya dawa. Wauguzi huangalia faili na kumwita kwa jina lililomo. Akiitwa jina analolijua, utamwona akigeuza sikio, halafu jicho, na mwili unalegea. Akiitwa jina la kadi anabaki ameshtuka vile vile. Ndiyo maana mimi humuuliza mwenye mnyama, "Nyumbani mnamwitaje?" na ndilo ninaloandika juu ya faili kwa herufi kubwa.

Kama mumeo anaona jina la kudekeza halina hadhi, mweleze habari ya mbwa wa ufalme wa Uingereza. Mwaka 1933 Duke wa York, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George VI, alinunua mbwa wa aina ya corgi kwa ajili ya familia yake. Kwenye kitabu cha ukoo mbwa huyo aliandikwa Rozavel Golden Eagle, jina la kutisha kabisa. Wafanyakazi wa banda alikozaliwa, walipojua kwamba anakwenda kwa Duke, walianza kumtania kwa kumwita Dookie. Mbwa akalishika, familia ikalichukua, na leo huyo Golden Eagle hakumbukwi na mtu isipokuwa wanaofuatilia mambo ya mbwa wa nasaba. Mwaka 1944 Elizabeth, binti wa Duke huyo, ambaye alikuja kuwa Malkia, alipewa corgi alipotimiza miaka 18. Kitabuni mbwa huyo alikuwa Hickathrift Pippa. Nyumbani alikuwa Susan. Alipokufa mwaka 1959 alizikwa Sandringham, kwenye makazi ya kifalme, na kwenye jiwe la kaburi lake pameandikwa Susan.

Mbwa hao walikuwa na majina mawili kwa sababu maalumu. Vyama vya wafugaji wa mbwa wa nasaba hutaka kila mbwa awe na jina lisilogongana na la mwingine kitabuni, na mara nyingi jina hilo hutanguliwa na jina la banda la mfugaji. Kwetu huku East Africa Kennel Club ya Nairobi hufanya kazi hiyo ya usajili. Kama Kachori angekuwa na cheti cha ukoo, ningekwambia mkiache kama kilivyo na kwenye hati nyingine zote muandike Kachori. Kwa kuwa ni mbwa wa kienyeji, hakuna kitabu kinachomdai jina la pili.

Sasa nikuombe jambo moja kabla hamjaenda kuandikisha: hakikisheni kwamba ni jina lenyewe analolijua, na si sauti yenu tu. Tunapomwita mnyama kwa mapenzi huwa tunapandisha sauti, tunaivuta, tunaipamba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha York walichapisha utafiti mwaka 2018 unaoonyesha kwamba mbwa hupendelea kukaa karibu na mtu anayewasemesha kwa sauti ya namna hiyo, hasa anapozungumza mambo yanayowahusu. Mwaka 2022 wenzao wa Paris Nanterre wakaonyesha kwamba paka naye huitofautisha sauti ya kudekezwa na sauti ya kawaida, ikiwa inatoka kwa mwenye paka mwenyewe. Kwa hiyo inawezekana Kachori anaitika deko la mwanao na si neno.

Njia ya kupima ni nyepesi, na nimeitohoa kutoka kwa Atsuko Saito wa Japani, ambaye mwaka 2019 alichapisha kazi yake juu ya paka na majina yao. Yeye aliwasikilizisha paka maneno manne ya kawaida, yenye urefu na mkazo sawa na jina la paka husika, kisha likafuata jina lenyewe. Paka wengi walizoea yale manne hadi wakapoa, halafu jina lao likawaamsha: sikio, kichwa, wakati mwingine mkia. Nanyi fanyeni hivyo. Ngojeni Kachori amelala macho wazi, hana chakula mbele yake, na asiwe anakutazama. Sema kwa sauti ile ile, bila kuipandisha, ukiacha nafasi kidogo kati ya neno na neno: "Kabati. Kalamu. Karoti. Kasuku. Kachori." Mtazame masikio. Kama yanasimama kwenye la mwisho tu, jina lake ni hilo, mmeshalipata. Kama yanasimama kwenye yote, anasikiliza "ka" ya mwanzo. Kama hayasimami popote, basi anachokijua ni ile sauti ya mtoto, na mna kazi ya wiki chache: mtaje jina lake kwa sauti ya kawaida, akikugeukia mpe kipande kidogo cha dagaa au ini, rudia mara chache kwa siku. Msilitumie jina hilo kumkaripia. Jina likitangulia kipigo, mbwa hujifunza kukimbia akilisikia.

Angalieni pia ni umbo lipi la jina mnaloliandika. Jina la kudekeza halikai mahali pamoja. Najua bila kuuliza kwamba kwenu kuna Kachori, kuna Kacho, kuna Chori, labda na Mzee Kacho anapokuwa amelala kwenye zulia. Hayo yote ni yake na hakuna ubaya, ila kwenye karatasi lichaguliwe moja, na liandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Nimeona mnyama mmoja akiwa na kadi tatu zenye majina matatu yanayokaribiana, na kila moja ilihitaji kuelezewa. Mimi ningechukua Kachori zima, kwa kuwa lina sauti kali za k na ch zinazopenya kelele, na linaishia kwa irabu unayoweza kuivuta ukimwita kutoka mbali. Kelele si jambo dogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha mwaka 2019 kwamba mbwa huweza kulitambua jina lake katikati ya maneno ya watu wengine, mradi jina lisizidiwe nguvu na kelele hizo; likizidiwa, halisikii. Barabara yenye bodaboda inafahamu jambo hilo vizuri.

Kuna kipimo kingine ambacho majina mengi ya kudekeza huangukia, nacho ni kugongana na amri. Nyumba nyingi humkataza mbwa kwa kusema "No!" hata kama mazungumzo mengine yote ni ya Kiswahili. Sasa mbwa akiwa mnene kidogo akaitwa Nono, kila anapoitwa ni kama anakatazwa. Toto hugongana na "toka", Jojo na "njoo", Lola na "lala", Kaka na "kaa". Kwa mtu mzima tofauti ni wazi. Kwa mbwa anayekusikia kutoka mita 40 kwenye upepo, sehemu inayofika ni ile silabi ya mwanzo. Kachori liko salama hapo, labda mkiwa na tabia ya kumwambia "kaa" kwa kuivuta. Kama ndivyo, badilisheni amri na muache jina, amri ni rahisi zaidi kuibadili.

Hapo ndipo napata wasiwasi na Kashata. Jina ni zuri, na naelewa watoto walikotoka nalo, wanataka sahani nzima ya vitafunwa. Lakini Kachori na Kashata yanaanza na silabi moja, yana silabi tatu kila moja, na mkazo uko mahali pamoja. Ukimwita mmoja utawaona wote wawili wanakuja, kisha baada ya miezi michache utawaona wote wawili hawaji, kwa kuwa nusu ya mara walizoitikia hawakuwa wao walioitwa. Paka ndiye atakayeacha mapema, maana yeye hana subira ya mbwa. Msiwanyang'anye watoto jina lao. Waambieni walikate: Shata. Ni silabi mbili, linaanza na sauti nyororo ambayo haimo kwenye Kachori, na bado ni kashata ile ile. Lianzeni leo, kwani mtoto wa paka hajazoea kitu bado.

Sasa upande wa heshima, ambao nadhani ndio ulio moyoni mwa mama mkwe. Ana hoja, ila Kachori siye mkosaji wake. Kwa watu wa Pwani kumpa mbwa jina la mtu ni tusi, na jirani mwenye jina hilo atakuwa na haki ya kuchukia. Majina ya mitume, ya watakatifu na ya watu wa dini yasiguswe kabisa. Hata cheo cha heshima kina wenyewe. Paka akiitwa Bi Mkubwa nyumba inacheka, lakini siku bi mkubwa wa kweli anapokuja kutembea na mtoto akapaza sauti "Bi Mkubwa shuka mezani!" kicheko hicho hakitakuwepo. Kuna pia majina ya mafumbo, ambayo ni desturi ya zamani na bado ninayapokea kliniki: mbwa anaitwa Watasema, au Wivu, au Mtachoka, na ujumbe si wa mbwa bali wa nyumba ya pili. Sipendi kuyaandika. Mbwa anaishi kwa muda mrefu kuliko ugomvi, na kila anapoitwa ugomvi unachochewa upya bila yeye kujua kitu.

Yako na majina ya mapenzi ambayo si ya mapenzi. Mbwa aliyeokotwa barabarani akiwa amevunjika mguu anaitwa Kiguu. Paka aliyepoteza jicho anaitwa Chongo. Wenye nyumba huniambia ni utani tu, na huenda wanampenda kweli. Lakini nimeona jinsi wageni na watoto wa mtaani wanavyomtendea mnyama aliyetambulishwa kwao kwa jeraha lake: wanamsukuma ili waone akichechemea. Nikikutana na jina kama hilo humwomba mwenye mnyama alibadilishe kabla sijaandika, na wengi hukubali. Kibonge nalo hunipa kazi ya ziada, kwa sababu mnyama anayesifiwa kwa unene jina likiwa Kibonge huchelewa kuonekana kwamba uzito wake umeshakuwa maradhi. Kachori la kwenu halina lolote kati ya haya. Ni kitafunwa, ni cha kahawia, ni cha mviringo, kinapendwa. Mama mkwe anaweza kuwa na amani.

Tuje kwenye safari, ambapo mumeo anaogopa kwamba jina la kitoto litamtia shakani. Mambo yako kinyume na anavyodhani. Mpakani mwa Umoja wa Ulaya mnyama hatambuliwi kwa jina. Anatambuliwa kwa chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega. Ndani ya chipu hamna jina, hamna anwani, hamna picha. Mna namba ya tarakimu 15 peke yake. Ofisa anapitisha kisomeo, anasoma namba, anailinganisha na namba iliyoandikwa kwenye cheti cha afya. Hata mkifika huko na daktari wa Ujerumani akimtolea Kachori pasipoti ya wanyama ya Umoja wa Ulaya, mahali pa jina pana alama ya nyota, na maelezo ya nyota hiyo ni kwamba jina ni kama alivyosema mwenye mnyama. Ukisema Kachori, ni Kachori.

Kitakachowachelewesha ni tarehe, na hapa naomba mumeo asome kwa makini. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Ulaya inazipa nafuu kuhusu kichaa cha mbwa, kwa hiyo utaratibu wake ni mrefu. Kwanza chipu ya kiwango cha kimataifa cha ISO. Baada ya chipu, au siku ile ile baada ya chipu kuingia, ndipo chanjo ya kichaa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Baada ya chanjo hiyo mnangoja angalau siku 30, ndipo damu inachukuliwa na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, ambako kinga inatakiwa ifike angalau yuniti 0.5 kwa mililita. Kisha mnangoja miezi mitatu kamili kuanzia siku damu ilipochukuliwa, si siku majibu yalipotoka. Mwisho kabisa ni cheti cha afya cha daktari wa serikali, ambacho kinadumu siku 10 tangu kutolewa hadi mnyama kuingia Ulaya. Ukijumlisha, hamuwezi kuumaliza chini ya miezi minne, na kwa jinsi sampuli zinavyosafiri, mimi ningejipa sita.

Sasa uone jinsi hilo linavyomaliza mgogoro wenu wa jina. Kachori hujasema kama ana chipu, na mbwa aliyechanjwa kwenye kampeni ya mtaa kwa kawaida huwa hana. Maana yake atachanjwa upya baada ya kuwekewa chipu, na chanjo mpya inakuja na kitabu kipya. Kwenye kitabu hicho andikisheni Kachori na namba ya chipu, na kuanzia hapo kila kitu, fomu ya maabara, kichupa cha damu, majibu, cheti cha afya, kifuate herufi hizo hizo na namba hiyo hiyo. Kichupa kikiandikwa Rambo na fomu ikaandikwa Kachori, maabara itawarudisha nyuma kuuliza, na siku zinakwenda. Kadi ya zamani msiitupe, ina historia ya chanjo zake. Wala msifute Rambo kwa kalamu au rangi nyeupe, kwani kadi iliyofutwa na mwenyewe inaonekana ya kughushi hata kama ni ya kweli. Mpelekeeni daktari aandike pembeni kwamba mbwa aliyeandikwa Rambo ndiye Kachori mwenye chipu namba fulani, aweke tarehe, saini na mhuri.

Mkishafika, chipu isajiliwe kwenye daftari la wanyama. Ujerumani lipo la Tasso, nalo halitozi ada. Bila usajili huo namba ni namba tu, haimwelekezi mtu kwenu. Humo ndimo jina la kudekeza litakapofanya kazi kubwa kuliko yote: mbwa akipotea katika mji ambao hajui lugha yake, anayemwokota atapata namba, ataliona jina, na atamwita. Tarajieni tu kwamba Mjerumani akiona ch baada ya a atatamka kh, na Kachori atageuka "Kakhori". Mzoesheni matamshi hayo kabla ya kuondoka, kwa zawadi zile zile za dagaa. Manispaa za huko hutoza kodi ya mbwa kila mwaka, kwa hiyo Kachori atakuwa na karatasi nyingine ya serikali, paka hatozwi.

Shata naye atapita njia ile ile ya chipu, chanjo, damu na miezi mitatu, kwa sababu masharti hayo ni ya mbwa na paka sawasawa. Chanjo yake ya kichaa haikubaliki kwa safari kabla hajatimiza wiki 12, basi kama bado ni mdogo, wekeni tarehe ya kuzaliwa vizuri tangu sasa, mkikadiria na daktari kama hamuijui. Mpelekeni siku moja na Kachori ili ratiba zao ziende pamoja na muwe na safari moja tu ya kupeleka damu. Na siku hiyo wachukueni watoto, mwandishi akiuliza majina, wao ndio wajibu.